Khiyari ya Feri Moja

Barua ya wazi kwa wafanyabiashara wa Kisiwani Mombasa wauzao kwa simu: nyinyi wenye maduka Biashara Street, Marikiti na Mji wa Kale, na nyinyi msio na duka lolote ila simu, mnaokabidhi mizigo yenu hapa Feri

Waungwana,

Naomba radhi kwa kuyaandika hadharani maneno ambayo desturi yetu ingetaka yasemwe barazani, kahawa ikipita, mtu na mwenziwe. Lakini baraza la siku hizi limepanuka mno hata hapana buli litakalolitosha, na wengi wenu, ijapokuwa nawaona kila siku mkija na kwenda, siwajui kwa majina wala nyinyi hamnijui. Tena kusema na mji kwa maandishi si bidaa Mombasa, kwani Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, kabla hajawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alitoa gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akawaambia watu wa mji wake mambo ambayo, lau yangesemwa usoni pao, huenda wangeondoka barazani kabla hayajesha. Mimi si sheikh wala sina gazeti; ni karani mstaafu, nyumba yangu ni mwendo mdogo kutoka kivuko cha Likoni, na tangu nilipowachana na kazi nimejizoeza kukaa Feri baina ya alasiri na magharibi, nikipunga upepo wa mlango wa bahari na kutazama watu, jambo ambalo halinigharimu chochote na limenifunza mengi kuliko nilivyotazamia.

Asiyekaa Feri hawezi kujua kwamba pale pana soko. Yeye huona magari yaliyopanga foleni, na chombo kimoja kikija na kingine kikienda, na watu wapatao laki tatu kwa siku, kwa hesabu ambayo wasimamizi wa kivuko wamezoea kuitaja, wakivushwa kwa miguu bila ya kutozwa hata thumni; akaona kwamba kazi ya mahali pale ni kupita tu. Lakini mwenye kukaa huanza kuwatambua wasiopita: kijana aliyeegemea pikipiki yake, mifuko mitatu imening'inia kwenye usukani, binti wa buibui anayeiambia simu, "Niko hapa kwa muuza kachiri, nimeshika mfuko wa kijani", na mwanamume aliyetoka Likoni, pengine hata Ukunda, akavuka kwa ajili ya jozi moja ya viatu, ambaye akishaipokea atageuka na kurudi na chombo kile kile kilichomleta. Kwa kuwa aendaye kwa miguu halipi nauli, na kwa kuwa muuzaji wa Kisiwani hapendi kumlipia mtu wa boda safari ya ng'ambo na kusubiri foleni, mahali hapa pamekuwa, pasi na mtu yeyote kupapangia, kizingiti cha duka lisilo na mlango wala kuta. Na "tukutane Feri" limekuwa ni neno la biashara kama lilivyokuwa "karibu ndani" zamani zetu.

Namna tulivyofika hapa haihitaji maneno mengi. Mwaka 2007 Safaricom ilianzisha M-Pesa, tukazoea kwamba fedha yaweza kwenda pasi na mkono wa kuipeleka. Mwaka 2009 nyaya mbili za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zikatua hapa hapa Mombasa, na hii ya pili ikitokea Fujairah, yaani kwa njia ile ile ya Ghuba iliyokuwa ikituletea tende na mazulia majahazi yanapokuja na kaskazi. Kisha yakaja masoko ya mtandaoni, Jumia na, kuanzia mwaka 2014, Kilimall, na nyuma yao kundi lisilohesabika la wauzaji wa Facebook, Instagram, WhatsApp na TikTok, ambao hasa ndio niwaandikiao. Hucheka peke yangu nikisikia kijana kutoka Nairobi akitueleza sisi habari za intaneti kana kwamba imetujia kwa gari moshi.

Ama tulivyokuwa tukinunua kabla ya hapo, nitaeleza kwa leso, maadamu leso ndiyo bidhaa ambayo kila nyumba ya mji huu ina ujuzi nayo, na ndiyo iliyonitia katika barua hii. Mama yangu, Mungu amrehemu, akitaka doti alikwenda Biashara Street, mtaa ambao ndani yake imo nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, wenye alama ya Mali ya Abdulla, iliyoasisiwa mwaka 1887, pamoja na wenziwe wengi wa biashara hiyo. Na akifika aliketi, kwa kuwa kuketi kwenyewe kulikuwa ni sehemu ya ununuzi. Aliteremshiwa doti kumi akazikataa, ikafunuliwa ya kumi na moja; akalisoma jina lake kwa sauti, kwani leso ni maneno kabla haijawa nguo, na hakuna mwanamke wa Mombasa atakayempelekea wifiye leso asiyoisoma; akaushika mji wake, yaani uwanja wa katikati, kwa vidole viwili kuona kama ile ni pamba au ni wanga mtupu uliotiwa ili nguo iwe nzito mkononi; akalinganisha pindo la kipande hiki na pindo la kile; akatia kidole mate na kukisugua penye wekundu, kisha akakitazama kidole chake mbele ya macho ya mwenye duka, asiseme neno. Baada ya hayo yote ndipo bei ilipoanza kutajwa, nayo ilikuwa na safari yake ndefu.

Wala sitaki kuwahadaa kwamba siku hizo zilikuwa ni za malaika. Bei ile ilitajwa kwa kutazamwa viatu vya mnunuzi. Aliyevaa kandambili zilizolika alisimamishwa ilhali mwenye dhahabu akiletewa kiti. Na wengi katika sisi tulinunua kwa daftari, tukalipa mwisho wa mwezi, na mdeni, hata akiona ile nguo imechuja siku ya kwanza, hana ulimi wa kulalamika kwa mtu ambaye jina lake limo kitabuni mwake. Mwanamke wa kazi kutoka Likoni, alipopunjwa, alimwambia nani? Alimwambia jirani yake, na jirani yake hakuwa mnunuzi wa duka lile. Leo mwanamke huyo huyo, kwa simu ya bei rahisi, aweza kuandika mistari miwili na kutia nyota moja, na tajiri ambaye babu yake asingempa kiti akakesha akiitafakari nyota ile. Hili ni jambo la haki, na yeyote asemaye kwamba biashara ya mtandaoni imetuletea hasara tupu, basi yeye ndiye aliyekuwa akipewa kiti.

Na liko la pili ambalo nalipima kuwa kubwa zaidi. Duka la mtaa mzuri katika mji huu lilikuwa halipatikani kwa kodi peke yake, bali kwa kilemba, nacho ni fungu la fedha ambalo mjane wa Kibokoni mwenye ufundi wa kuchanganya udi, au binti wa Bondeni ajuaye kupika halwa, au kijana anayeshona kofia za vito, asingeweza kulikusanya hata akiishi umri wa Nuhu. Sasa watu hawa wauza. Wauza kutoka jikoni na kutoka roshani, wakapiga picha ya chetezo kikifuka moshi juu ya msala, na wanunuzi wakawaletea fedha kutoka Malindi, Voi na hata Maskati. Na wakiulizwa duka lao liko wapi, hujibu kwa kuonyesha maneno ya wale walionunua kabla. Maneno hayo ndiyo kilemba chao. Kwa hivyo ayachafuaye hamdhuru mnunuzi peke yake. Amevunja duka la mjane.

Nije kwenye kisa changu. Binti wa ndugu yangu, akaaye Likoni, ambaye huniita ami na mimi humwita mwanangu, alikuwa na arusi ya mdogo wake, na wanawake wa upande wa bibi arusi wakakubaliana wavae leso za sare usiku wa kutia hina. Akatafuta katika simu, akaona leso nzuri za rangi ya damu ya mzee na nyeupe, kila doti kwa shilingi 600, katika duka ambalo silitaji, na ambalo huenda ni la mmoja wenu, lenye nyota nne na nusu na maoni zaidi ya mia tatu, takriban yote ya sifa. Akaagiza doti ishirini. Akaambiwa, "Tukutane Feri." Alipovuka, jua linakuchwa, akamkuta mtu wa boda na robota lililofungwa kwa utepe wa gundi pande zote, mithili ya maiti, akataka kulifungua, yule kijana akasema, "Mamangu, tuma kwanza, mimi nimetumwa tu, na feri ndiyo hiyo yaondoka." Na kweli ilikuwa yaondoka, king'ora kimelia, umati unamsukuma kutoka nyuma. Akatuma shilingi 12,000, akapokea robota, akaingia chomboni.

Akalifungua katikati ya mlango wa bahari, kwa funguo zake. Nguo haikuwa pamba, ilikuwa poliesta iliyong'aa kama ngozi ya samaki. Pindo la kipande kimoja lilikuwa limepinda hata likauingilia mji. Na jina, ambalo katika picha lilisomeka vyema kuwa ni dua ya kuwaombea maarusi heri, katika nguo lilikuwa ni dua ya kuwaombea hari. Hari hawakuikosa. Viganja vyake vilikuwa na jasho la mbio, na alipoitua ile leso aliona viganja vimekuwa vyekundu, kana kwamba hina imetangulia kabla ya usiku wake. Alipogeuka kukitazama Kisiwa, yule wa boda hayuko. Alipopiga simu dukani, namba yake ilikwisha kufungiwa.

Usiku ule nilivaa miwani nikayasoma yale maoni zaidi ya mia tatu, kazi ambayo ilinichukua hata saa sita. Arubaini katika hayo yalikuwa yameandikwa katika wiki moja, kwa maneno yale yale na kwa kosa lile lile la herufi. Jingine lilisema kwamba bidhaa "yashika chaji siku mbili kamili," na la mwenziwe kwamba "kamera yake ni safi hata usiku". Ndipo nilipofahamu kwamba mahali pale palikuwa pakiuzwa simu, pengine simu njema, na kwamba nyota zilizochumwa na simu zimevishwa leso, mithili ya mtu aliyefariki, vyeti vyake akaachiwa mpwawe aende navyo kuomba kazi ya udaktari. Binti yangu naye aliandika lake, kwa adabu, pamoja na picha ya viganja. Hata asubuhi lilikuwa limekwisha kufutwa.

Katika kuyafikiri haya nimeona kwamba lililotupoteza ni hilo neno maoni. Maoni ni ya kila mtu, na hayana dhamana. Mimi nina maoni juu ya mpira na sijapata kuupiga. Lakini mtu asemaye, "Nimenunua, nimevaa, nimefua mara tatu, haikuchuja," huyo hatoi maoni, atoa shahada. Na shahada ina masharti yake yajulikanayo na kila aliyepata kusimama mbele ya kadhi: shahidi awe ameliona jambo kwa macho yake, awe ni mtu adili, ajulikane ni nani na akaa wapi, na asiwe na faida atakayojivutia kwa ushahidi wake. Mwenye kununua maoni mia kwa vijana wasioijua bidhaa amekusanya mashahidi ambao hawakuona, hawajulikani, na wamelipwa. Fiqhi ya biashara ina jina la kale kwa tendo lililo ndugu yake wa tumbo moja, nalo ni najash: mtu kuingia mnadani akapandisha bei hali ya kuwa hana nia ya kununua, ili mwengine aghurike, na hadithi ya Mtume imelikataza. Dalali wa zamani alihitaji japo mtu mmoja wa kusimama naye. Siku hizi najash huja kwa jumla, kama mitumba.

Tena sisi watu wa pwani hatuna udhuru wa kusema kwamba hatukujua namna ya kuaminiana na mgeni. Ibn Battuta, aliyefika huku mwaka 1331 na kulala usiku mmoja Mombasa akielekea Kilwa, alieleza aliyoyaona Mogadishu kabla ya kufika kwetu: kwamba jahazi likitia nanga, vijana wa mji walilijia kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa ni mgeni wake; na tangu hapo mgeni yule hakushukia ila kwa mwenyeji wake, naye ndiye aliyemuuzia na kumnunulia, hata ikawa mtu akinunua kwake kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia kitu mwenyeji hayupo, biashara ile huhesabiwa kuwa imekataliwa. Sisemi kwamba mwenyeji hakuwa na faida yake, alikuwa nayo. Lakini baada ya jahazi kwenda zake na kusi, yeye alibaki pale pale, katika mtaa ule ule, na msimu wa pili mgeni yule akirudi alijua mlango wa kugonga. Nyota zake alizilipia kwa uso wake. Na Amazon iliporuhusu mwaka 1995 wanunuzi waandike waonavyo vitabu, hata kwa kuvishutumu, na eBay ilipoweka mwaka uliofuata utaratibu wa muuzaji na mnunuzi kupimana hadharani, naona walikuwa wakitafuta, kwa watu wasiopata kuonana, badali ya mwenyeji huyu. Wakapata ulimi wake, uso ukabaki nyuma.

Asije mtu akanidhania kuwa nasema kuuza kwa picha ni haramu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kwa kauli yake ya baadaye, kuuza kitu mahususi ambacho wenye kuagana hawakukiona hakusihi. Lakini Imamu Abu Hanifa alikuruhusu, akampa mnunuzi khiyari ya kukataa pindi akionapo. Na ile biashara ya salamu, ambayo fedha hutangulia na mali hufuata, watu wa Madina walikuwa wakiifanya kwa tende za mwaka na miaka miwili mbele, nayo ikathibitishwa kwa sharti la kipimo kijulikanacho, uzito ujulikanao na muda ujulikanao. Mlango uko, tena ni mpana. Kizingiti chake ni wasifu wa kweli. Mtu asemaye pamba na iwe pamba.

Kuna na khiyari nyingine, ya majlisi, ambayo madhehebu yetu yaishika sana: kwamba muuzaji na mnunuzi, hata wakishaagana, kila mmoja ana haki ya kuvunja muda wa kuwa bado hawajatengana kwa miili yao. Wanazuoni, ambao hawakuacha pembe isiyofagiliwa, waliuliza hata juu ya wawili walio ndani ya chombo kimoja, kutengana kwao kutakuwaje ilhali wote wamo baharini. Wakajibu kwamba chombo kikiwa kikubwa, mmoja akipanda juu na mwenziwe akashuka chini wametengana. Nami nikiwa nimekaa pale ukingoni nimejiuliza mara nyingi wangesema nini juu ya mnunuzi aliyesukumwa chomboni na muuzaji aliyebaki nchi kavu, lango la chombo likiwa lainuliwa baina yao. Kwani hiyo ndiyo siri ya Feri, ambayo baadhi yenu mmeigundua kabla yangu: hapana mahali pengine katika mji huu ambapo watu wawili hutenganishwa upesi hivyo, na kwa nguvu hivyo, na kwa saa ijulikanayo. Nimekaa nikawatazama watu wa boda wakikawiza makusudi, robota liko mkononi, mpaka king'ora kilie.

Nimetaja fiqhi kwa kuwa ndiyo lugha ya baraza letu. Mwenzangu Mkristo wa Likoni, na Mhindu wa Biashara Street, hawana haja ya kuniazima imani ndipo tukubaliane juu ya rangi ichujayo. Na sheria ya nchi haikunyamaza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaostahili, na ya habari zitakazomwezesha kufaidika nayo, na ya fidia akipata hasara. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu yake ya mikataba ifanywayo kwa intaneti, imtakayo muuzaji amfunulie mnunuzi habari zipasazo kabla ya kuagana na kumpa nafasi dhahiri ya kukubali, kukataa au kusahihisha kosa. Na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya imepewa kazi ya kuwaandama wenye kuisifu bidhaa kwa uongo. Ng'ambo nako wamezinduka: Marekani ilipitisha mwaka 2024 kanuni ya kupiga marufuku kuuza na kununua sifa za kubuni, na Uingereza ikatunga sheria ya namna hiyo mwaka huo huo. Haya yote ni mema, na siku Mamlaka itakapotaka kuja kuketi nami kivukoni nitaipisha kwenye benchi. Lakini shilingi 12,000 za mwanamke wa Likoni hazitaisafirisha kesi hadi Nairobi, na king'ora cha magharibi hakisubiri wakili. Ndiyo maana nawaandikia nyinyi kabla ya kuwaandikia wao.

Najua mtanijibu, na jibu lenu ni la haki, kwamba wanunuzi nao si watakatifu. Yuko aagizaye vitu vitatu kwa maduka matatu, akaja Feri akachukua cha aliyefika kwanza na kuizima simu. Yuko aonyeshaye ujumbe wa M-Pesa alioutunga mwenyewe kwa mkono wake, hata namba ya muamala akaibuni. Na yuko yule mpya, ambaye baba zenu hawakupata kumwona, aliyepewa silaha ya nyota akaifanya jambia: "Nipunguzie mia mbili, la sivyo nitakutia nyota moja." Huyo ni mla rushwa, hata akiwa amevaa viatu vya mnyonge, na mkimkataa mimi ni shahidi wenu. Wala sikatai kwamba kijana wa boda ni mtu wa kutumwa, apataye shilingi mia na hamsini kwa safari, na kwamba kila dakika asimamayo ni dakika ya mkate wake.

Kwa hivyo ninalowaomba nimelipima lisiwe zito. Ni feri moja. Mnunuzi afikapo, alifungue robota lake pale pale, mbele ya mtu wenu. Aishike nguo, alisome jina, atie kidole mate. Na chombo kilichopo kiende kikavuke, na kingine kije. Muda huo si mrefu, kila aliyevuka aujua. Akiridhika, atume fedha na apande kile kifuatacho. Asiporidhika, amlipe kijana ujira wa safari yake na arejeshe mali kama alivyoipokea, asiandame mtu kwa nyota wala kwa matusi. Mtu wa boda alipwe na nyinyi kwa kusubiri, muiingize gharama hiyo katika bei. Binti yangu angelilipa hata thuluthi zaidi kwa hiari yake, lau angejua.

Na juu ya hizo shahada, mwambieni mnunuzi asiyetaka jina lake lijulikane aandike japo mtaa wake na alilolitenda kwa kitu kile, "Bondeni, nimefua mara tatu," au "Mtongwe, mwanangu amekivaa shuleni muhula mzima". Na lile neno baya mliache lilipo, mkaandika jibu lenu chini yake. Mimi binafsi, nionapo duka lenye sifa tupu, huhisi kama nimeingia nyumba iliyotiwa udi mwingi mchana, nikaanza kujiuliza kunafichwa harufu gani. Ama nyinyi wa Biashara Street, ambao majina ya nyumba zenu yamekaa mlangoni tangu enzi za babu zenu, na ambao mwalalamika kwamba vijana wa simu wamewanyang'anya wanunuzi, naona kazi yenu ya kale yawangojea hapa: mmoja wenu aweke meza kivukoni, kwa ruhusa ya wenye mahali, awe mwenyeji wa mizigo ya wale wasio na duka, akiipokea, akiikagua, akiifungua mbele ya mnunuzi, na akichukua ujira wake wa haki kwa kila robota. Mjane wa Kibokoni atamlipa. Mimi nitakuwa wa kwanza kumletea kahawa.

Arusi ilipita salama, wanawake wakavaa kila mtu alichokuwa nacho, na ilipendeza. Zile doti zingali kwangu, kumi na tisa, zimekunjwa. Ya ishirini niliitia katika beseni la maji ili nijue, na beseni lenyewe, ambalo lilikuwa jeupe, halijarudi rangi yake. Mwenye kuziuza akizitaka, nipo Feri kila siku tangu alasiri hadi magharibi, karibu na muuza kachiri, nami nitakuwa nimeshika mfuko wa kijani. Simuulizi jina. Aje na fedha za watu, azifungue doti zake na kuzihesabu kabla hajanipa mkono, na mimi nitangoja chombo kiende na kirudi.

Wasalamu,

Mzee wenu, karani mstaafu,
Feri, Mombasa